Kumtetea mtoto Tanga: ustawi wa jamii, mahakama, Tume au madiwani?

Mtu akibaki na mtoto anayehitaji kutetewa, ushauri haupungui. Jirani wa Makorora atasema nenda polisi. Mwalimu atasema nenda ustawi wa jamii. Mjomba atataka wazee wakae kwanza. Kijana aliyesoma sheria kidogo atasema fungua kesi, na mwenzake atajibu kwamba kesi moja haisaidii, cha kupigania ni sera. Kila mmoja ana hoja. Lakini njia hizi hazifanyi kazi moja, na anayeingia njia isiyo yake hupoteza miezi ambayo mtoto hana.

Nawaandikia bibi, shangazi, walimu, walezi wa makao ya watoto, viongozi wa misikiti na makanisa, na vikundi vidogo vya Jiji la Tanga na wilaya zake. Mimi ni mmoja wa watu wanaowasindikiza wengine kwenye ofisi hizi, na nina msimamo wangu ambao utauona. Lakini sitakwambia kuna njia moja inayozishinda zote, kwa sababu haipo.

Jambo lisilolinganishwa

Mtoto aliyebakwa, kulawitiwa, kupigwa hadi kuumia, au anayeweza kuumizwa usiku wa leo, hahitaji ulinganisho. Huyo ni wa hospitali na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na ushahidi hupotea mtoto akiogeshwa na nguo zikifuliwa. Ukiwa hujui uanzie wapi, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haikatwi salio.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayepelekwa kufanyishwa kazi mbali na kwao kwa hila, iwe ng'ambo ya Horohoro, mpakani na Kenya, au Dar es Salaam. Tangu 2008 nchi ina sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu, na hilo ni la polisi.

Kikao cha kuyamaliza kifamilia, chenye mbuzi na hela ya kumfuta mtoto machozi, hakina nafasi hapa. Watoto hurudishwa kwenye nyumba ileile kwa sababu ya vikao hivyo. Wanaokaa kikao hicho wanamlinda mkosaji, hata kama nia yao ni kuilinda heshima ya ukoo.

Yaliyobaki ndiyo yenye uchaguzi: matunzo yasiyotolewa, ugomvi wa nani amlee mtoto, mtoto aliyewekwa makao na hakuna anayemfuatilia, mtoto aliye mahabusu, makao yasiyo na hali nzuri, ofisi isiyotimiza wajibu wake.

Tunapima kwa nini

Vipimo vyangu ni vitano, na kila njia nitaipitisha humo humo.

Cha kwanza ni muda. Mtoto wa miaka 4 akikaa mwaka mzima bila uamuzi, huo ni robo ya umri wake. Cha pili ni gharama, na sisemi ada tu. Mama muuza vitumbua wa Mwanzange akipoteza asubuhi moja kwenye benchi la ofisi, siku hiyo nyumbani hakuna hela. Cha tatu ni nguvu ya uamuzi: asiyetii atafanywa nini? Cha nne ni sauti na usiri wa mtoto. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, inasema wazi kwamba mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni asinyimwe nafasi ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, na kwa sheria hiyo mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Cha tano ni upana, yaani uamuzi unamgusa mtoto huyu peke yake au na wengine walio kama yeye.

Kipimo ambacho watu hukisahau zaidi ni hicho cha nne. Watu wazima hubishana ofisini saa nzima juu ya kichwa cha mtoto aliyekaa palepale, kisha wanatoka bila yeyote kumuuliza anataka kulala wapi.

Njia ya kwanza: afisa ustawi wa jamii wa halmashauri

Sheria ya Mtoto inaibebesha halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa watoto walio ndani ya eneo lake. Pia inamtaka mwananchi yeyote anayejua kwamba mtoto ananyimwa chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu na mtu mwenye uwezo wa kuvitoa, atoe taarifa huko. Kwa namba za Sheria ilivyotungwa 2009, hayo yako katika vifungu vya 94 na 95. Afisa anaweza kumwita anayelalamikiwa, akazungumza naye na kutoa uamuzi unaozingatia maslahi ya mtoto. Huyo mtu akikaidi, afisa analipeleka jambo mahakamani. Wengi hawaijui sehemu hii ya mwisho. Kikao cha ustawi kikishindikana wanadhani mlango umefungwa, wanarudi nyumbani.

Muda. Hakuna njia yenye mwanzo mwepesi kama hii. Ukimkuta afisa ofisini, wito unaweza kuandikwa siku hiyohiyo. Kinachochelewa ni ufuatiliaji. Afisa mmoja hubeba kata nyingi. Wa Jiji anaweza kupanda bajaji hadi Duga, lakini mwenzake wa Kilindi au Mkinga anasubiri gari la halmashauri, nalo lina foleni ya idara nyingine.

Gharama. Huduma hailipiwi. Utalipa nauli, na mara nyingi nauli ya kurudi tena na tena. Ukiombwa hela ya mafuta ili afisa aende kuangalia mtoto anakoishi, jua kwamba hilo si deni lako. Naelewa linatoka wapi, maana ofisi nyingi hazina bajeti ya safari. Ndiyo maana njia ya nne hapa chini ipo.

Nguvu. Hapa watu hugawanyika. Mzazi mwenye aibu ya kuonekana ofisini hutekeleza makubaliano hata kabla wino haujakauka. Mzazi mkorofi husaini, kisha hapokei simu. Makubaliano ya ustawi yana uzito kama yameandikwa, kwa sababu ndiyo msingi wa kwenda mahakamani. Kwa hiyo usitoke bila karatasi. Mwambie kwa heshima: "Afisa, naomba tuliyokubaliana yaandikwe, tusaini wote, na mimi nipate nakala." Andika pia tarehe, namba ya jalada na jina la aliyekuhudumia. Huo si ukorofi. Maafisa huhamishwa, na jalada lisilo na mtu wa kulikumbusha hulala.

Sauti na usiri. Afisa mzuri huzungumza na mtoto peke yake, na anaweza kumtembelea shuleni au nyumbani. Hakuna ofisi nyingine inayoweza kulifanya hili vizuri kama yake. Lakini vyumba ni vichache, na unaweza kukuta shauri la mtoto linasikilizwa huku watu wawili wengine wamekaa wakisubiri zamu. Una haki ya kuomba wapishe.

Upana. Mtoto mmoja, au ndugu wa nyumba moja.

Inamfaa nani. Bibi anayelea wajukuu ambao baba yao ana kazi Dar lakini hatumi kitu. Shangazi anayetaka kutambuliwa rasmi kama mlezi. Jirani mwenye wasiwasi asiyetaka ugomvi. Familia inayotaka kupokea mtoto kama familia ya kuaminika, yaani iliyoidhinishwa kumhifadhi kwa muda, au kwa malezi ya kambo, yaani kumlea asiye wake bila kumwasili, nayo lazima ianzie hapa, kwa sababu afisa ndiye anayeichunguza nyumba na kuandika taarifa.

Njia ya pili: Mahakama ya Watoto

Hii si mahakama ya kutisha kama wengi wanavyoiwazia. Sheria ya 2009 ndiyo iliyoianzisha, ikaweka hakimu mkazi aiongoze, na kanuni za uendeshaji wake zikatoka 2016. Husikiliza mashtaka dhidi ya mtoto, na pia maombi ya malezi, matunzo na ulinzi wa mtoto. Watu wa nje hawaruhusiwi kuingia, mwenendo wake hautakiwi kuwa wa kubanana kama kesi za wakubwa, na afisa ustawi wa jamii anatakiwa awepo. Mtoto ana haki ya kuwa na ndugu yake na kuwakilishwa na wakili.

Ikithibitika kwamba mtoto anahitaji uangalizi, mahakama inaweza kumkabidhi kwa ustawi wa jamii, nao wakaamua akae kwenye makao yaliyoidhinishwa, kwa mtu aliyeidhinishwa kuwa anafaa, au kwa mzazi au ndugu. Inaweza pia kuamua mtoto abaki nyumbani chini ya usimamizi wa afisa. Mimi huwa naitazama hii ya pili kwanza. Kumtoa mtoto nyumbani ni rahisi kuliko kumrudisha.

Kuasili ni jambo tofauti. Maombi hayo ni ya Mahakama Kuu, na sisi wa Tanga tuna bahati kwamba Mahakama Kuu ina kanda yake hapahapa mjini.

Muda. Miezi, na wakati mwingine zaidi. Hakimu anahamishwa, taarifa ya ustawi haijaja, mlalamikiwa hajapewa hati ya wito. Faida yake ni kwamba kesi ina tarehe. Ofisini unaambiwa "njoo wiki ijayo". Mahakamani tarehe imeandikwa na asiyefika ana la kujibu. Mahakama pia inaweza kuombwa amri ya muda kabla ya uamuzi wa mwisho. Omba mapema, usisubiri hakimu akukumbuke.

Gharama. Wakili wa kujitegemea ni ghali kwa familia nyingi. Lakini tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria, Na. 1 ya 2017, kuna utaratibu wa msaada wa bure kwa wasio na uwezo, na wasaidizi wa kisheria wanatambulika kisheria. Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, TAWLA, kina ofisi Tanga, na Chama cha Wanasheria Tanganyika kina wanachama wake hapa. Elewa tofauti: msaidizi wa kisheria atakuelimisha, atakusaidia kujaza fomu na kukuelekeza pa kwenda, lakini hasimami mbele ya hakimu kwa niaba yako. Anayefanya hivyo ni wakili. Msaidizi wa kisheria anayekuomba malipo ya uwakilishi, muage.

Nguvu. Hakuna njia inayofikia hii. Amri ya mahakama si ombi. Mzazi anayelipwa mshahara ni rahisi kumbana. Mvuvi au mfanyabiashara wa nafaka ambaye kipato chake hakionekani kwenye karatasi ni kazi ngumu zaidi, na hapo ushahidi wako ndio utakaoamua: ana chombo, ana duka, ana nyumba ya kupangisha Chumbageni, watoto wake wengine wanasoma shule ya kulipia. Kusanya haya kabla hujafungua shauri. Kwa umri na uzazi, leta cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, tangazo la kizazi, kadi ya kliniki na rejista ya shule husaidia, huku ukishughulikia cheti RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi. Sheria ya Mtoto inatoa pia adhabu kwa anayekiuka haki za msingi za mtoto: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Sauti na usiri. Kwenye sheria, sauti ipo. Tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Ushahidi, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kusema ukweli. Kwa vitendo, mtoto wa miaka 9 mbele ya baba yake na hakimu hunyamaza. Wakili mzuri ataomba mtoto ahojiwe pembeni, au maneno yake yaje kupitia taarifa ya afisa ustawi. Usiri unalindwa na sheria, kisha unavunjwa na ndugu wanaosimulia kesi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Upana. Mtoto mmoja, ingawa hukumu ya mahakama ya juu inaweza kuwafungulia njia wengine.

Inamfaa nani. Anayeshindana na mtu mkaidi. Mlezi ambaye mtoto anaweza kuchukuliwa wakati wowote kwa sababu hana karatasi. Na mtoto aliyekamatwa. Tanga ina Mahabusu ya Watoto, na mtoto anayeshikiliwa humo au kituo cha polisi anahitaji mtu wa kumuulizia dhamana tangu siku ya kwanza. Usikae ukiamini kwamba kwa kuwa ni mtoto atatolewa tu. Akipatikana na hatia anaweza kupelekwa shule ya maadilisho, na iliyopo ni ile ya Irambo, Mbeya, mbali kiasi kwamba mama wa Pongwe hatamtembelea mwanawe mara kwa mara. Sheria ya 2017 inaruhusu mshitakiwa asiye na uwezo apatiwe msaada wa kisheria, kwa hiyo mwombe hakimu.

Kesi ina gharama moja ambayo haiko kwenye risiti. Ikiisha, mtoto ataendelea kuwa na shangazi, mababu na binamu wa pande zote mbili, na watakutana kwenye maziko na harusi. Kama kuna njia ya kupata matokeo yaleyale ofisini, ijaribu kwanza kwa dhati. Lakini usiijaribu milele.

Njia ya tatu: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Tume imo ndani ya Katiba na inaendeshwa kwa sheria ya 2001. Kazi yake hapa ni moja: mlalamikiwa akiwa ni ofisi ya umma. Polisi waliomlaza mtoto selo moja na watu wazima, halmashauri iliyokaa na taarifa bila kufanya kitu, kituo kinachoshikilia watoto katika hali mbaya.

Muda wake hautabiriki, na makao makuu yako Dodoma. Gharama ni ndogo, kwani malalamiko ni bure na unaweza kuyaandika kwa mkono. Nguvu yake ni ya kuchunguza, kutembelea sehemu wanamoshikiliwa watu na kutoa mapendekezo; yasipotekelezwa inaweza kwenda mahakamani. Haishughuliki na jambo ambalo tayari liko mbele ya mahakama, hivyo usifungue kesi na malalamiko ya jambo lilelile ukidhani unaongeza nguvu. Sauti ya mtoto inategemea umeandikaje barua yako: andika maneno yake kama alivyoyasema. Upana unaweza kuwa mkubwa, maana uchunguzi wa mtoto mmoja unaweza kufungua mlango wa jengo zima.

Inawafaa zaidi walezi na vikundi vilivyokwisha kuandika barua kwa ofisi husika na vina nakala zenye mhuri wa kupokelewa.

Njia ya nne: kushawishi sera na sheria

Hapa humtetei tena mtoto fulani kwa jina. Unataka kanuni, bajeti au sheria ibadilike. Kuna ngazi mbili, na watu huzichanganya.

Ya juu ni ya taifa. Mfano unaojulikana ni kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa ruhusa ya mahakama, vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ilikata rufani, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa. Hata baada ya hapo marekebisho ya sheria yenyewe yalichelewa sana bungeni.

Mfano wa pili ni wanafunzi waliokuwa wakifukuzwa shule kwa ujauzito. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, pamoja na shirika la kimataifa la haki za uzazi, walipeleka malalamiko kwa Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka 2019. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana hao wanaweza kurudi shule baada ya kujifungua, na 2022 Kamati ikatoa uamuzi dhidi ya kufukuzwa huko. Kamati hiyo, ambayo sasa makao yake ni Maseru, Lesotho, ni muhimu zaidi tangu Tanzania ilipoondoa, mwaka 2019, ruhusa ya watu binafsi na mashirika kufungua kesi moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Arusha.

Ngazi ya chini ni halmashauri, na hii ndiyo ninayoitamani vikundi vya Tanga viijue. Maafisa ustawi wa jamii wa halmashauri wako chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, wakati sera ya mtoto iko wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii na makundi maalumu. Ukilalamika wizarani kwamba afisa wa wilaya yako hana pikipiki, huenda umegonga mlango usio wake. Fungu la safari za kufuatilia watoto, chumba cha faragha cha mahojiano, mafunzo kwa familia za kuaminika: hayo hupitishwa na Baraza la Madiwani.

Muda. Ngazi ya taifa ni miaka. Msichana aliyekuwa na miaka 15 kesi ya ndoa ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima rufani ilipoamuliwa. Ngazi ya halmashauri ni mwaka mmoja wa bajeti, mradi uujue. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Mipango inaanza kwenye mitaa na vijiji miezi mingi kabla, halmashauri huandaa makisio yake kuelekea mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili. Kikundi kinachopeleka barua kwa diwani mwezi Mei kimechelewa. Peleka hoja kwenye mkutano wa mtaa au kijiji kuanzia Septemba, iingie kwenye muhtasari, kisha mfuate diwani na muhtasari huo mkononi.

Gharama. Kwa halmashauri ni muda wa watu na karatasi. Kwa kesi ya kikatiba ni mawakili, utafiti na moyo wa kusubiri. Majaji watatu husikiliza kesi ya namna hiyo, na marekebisho ya 2020 yanamtaka mfungua kesi aeleze jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Kikundi kisichoathirika moja kwa moja kinapata taabu kuliko zamani. Kwa hiyo msifungue peke yenu; nendeni kwa mashirika yenye mawakili wa kazi hiyo, mkiwa na ushahidi kutoka kwenye kata zenu.

Nguvu. Ikifanikiwa, haina mfano. Ikishindwa, mtoto uliyeanza naye hajapata kitu. Na fungu kupitishwa si sawa na fungu kutolewa. Linapopita, rudini robo ya kwanza ya mwaka kuuliza limetumikaje.

Sauti na usiri. Hapa ndipo watoto huumizwa kwa nia njema. Picha ya mtoto wa makao akiwa ameshika bango, hadithi yake ikisomwa redioni na jina la mtaa wake, machozi yake yakitumika kuombea fedha. Siungi mkono hata moja kati ya hayo. Kuna njia nyingine: Mabaraza ya Watoto, ambapo watoto huzungumza kwa niaba ya wenzao bila mtu kutaja aliyebakwa au aliyetelekezwa, na Siku ya Mtoto wa Afrika, Juni 16, ambapo viongozi wa wilaya wako jukwaani na wanapaswa kuwasikia. Waandaeni watoto waulize swali la bajeti, si kuimba ngonjera ya kumsifu mgeni rasmi.

Upana. Watoto wote wa halmashauri, au wa nchi.

Inamfaa nani. Kikundi kilichoona tatizo lilelile kwa watoto wengi. Mlezi wa makao anayechoka kuokota mmoja mmoja. Kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ambayo tayari ina viti vya mtendaji, mwalimu, polisi na viongozi wa dini, na mara nyingi inachokosa ni ajenda. Haimfai mama ambaye mwanawe amelala njaa jana.

Zinapokutana

Mara nyingi utahitaji mbili. Mahakama haitaenda mbali bila taarifa ya ustawi, na ustawi unapata meno kwa kuwa mahakama ipo nyuma yake. Diwani naye hasikilizi hisia. Anasikiliza ukimwambia kwamba majalada kadhaa ya kata yake yamekwama kwa sababu afisa hakuweza kufika nyumbani kwa watoto, na una tarehe za kila moja bila majina. Kwa hiyo hata anayefuata jambo la mtoto mmoja atunze kumbukumbu. Ila usimgeuze mtoto wako kuwa mfano wa kampeni wakati shauri lake halijaisha. Lake liishe kwanza.

Kulingana na hali yako

Baba au mama hatoi matunzo lakini bado anapokea simu: anza ustawi, weka makubaliano kwenye karatasi yenye tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, mwombe afisa kwa maandishi alipeleke mahakamani. Huna haja ya kuanza upya.

Unalea mtoto wa marehemu ndugu yako na upande wa pili unatishia kumchukua: nenda mahakamani mapema kupitia msaada wa kisheria, huku ukimshirikisha afisa. Hapa subira haikusaidii, kwa sababu mtoto akishahamishwa utaanza kueleza kwa nini arudishwe.

Mtoto amekamatwa: kituo cha polisi leo, wakili au msaada wa kisheria leo, afisa ustawi leo. Kama amewekwa na watu wazima au amepigwa, barua kwa Tume ifuate, ila angalia kwamba si jambo lilelile ambalo hakimu analisikiliza.

Binti wa Lushoto anafanya kazi za ndani mtaani kwako: chini ya miaka 14 sheria hairuhusu aajiriwe kabisa, akiwa amefikisha 14, kazi iwe nyepesi, isimdhuru wala kumzuia shule. Toa taarifa ustawi au piga 116. Usimtoroshe mwenyewe, maana unaweza kuonekana ndiye mwizi wa mtoto na yeye akarudishwa palepale.

Unafanya kazi kwenye makao na unaona mambo hayaendi: kwanza ulizia kama yana leseni, kwa sababu kuendesha makao bila leseni ni kosa. Peleka taarifa ustawi kwa maandishi. Ukiona kimya, Tume. Usipige picha za watoto kama ushahidi wa kusambaza. Andika unachokiona, siku na saa.

Kikundi chenu cha kata kimemsaidia mtoto mmoja baada ya mwingine na kila mara mnakwama pale pale, gari hakuna, chumba hakuna, familia za kuaminika hazijaandaliwa: wateueni watu wawili waendelee na mashauri ya watoto waliopo, na wengine waanze na mkutano wa mtaa wa Septemba. Mwombeni mwenyekiti aiweke hoja kwenye ajenda kabla ya siku yenyewe, na mtendaji aiandike kwenye muhtasari kwa maneno yenu.